Mchagua Zana Ndiye Fundi: Uteuzi wa Vifaa vya Kusafishia Bitana ya Dohani ya Jiko la Tembe

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Waliikusudia methali hiyo kwa mvivu anayetafuta kisingizio: jembe hili ni zito, lile halina makali, na huku jua linapanda na shamba halijaguswa. Hata hivyo, zipo kazi ambazo hukumu ya methali hii haizifikii. Mojawapo ni kazi ya kusafisha dohani, yaani njia ya kutolea moshi nyumbani. Katika kazi hii, anayetwaa zana yoyote iliyo karibu ndiye asiyeijua kazi yenyewe, na gharama ya kutojua kwake si shamba lisilolimwa bali nyumba iliyoungua, au familia iliyolala isiamke.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi zana za kusafishia dohani ya jiko la tembe zinavyoteuliwa. Hoja kuu ni kwamba mambo mawili ndiyo yanayoiteua zana: ukuta unaosuguliwa na uchafu unaoondolewa. Asiyeweza kuyataja mambo hayo mawili kwa majina yake hawezi kuchagua ipasavyo.

Huenda mada hii ikaonekana kuwa mbali na msomi wa Kiswahili, maadamu jiko la tembe lina makao yake katika nchi za baridi za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Ukweli ni kwamba Kiswahili nacho kimefika huko. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako majira ya baridi ni marefu na jiko la tembe ni la kawaida, miji ya Portland na Lewiston imewapokea wahamiaji wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na miongoni mwao wamo wanaozungumza Kiswahili. Mpangaji wa aina hiyo anapoelezwa namna ya kulitunza jiko lake, mkalimani akamwambia tu “safisha bomba kwa burashi,” atakuwa ameambiwa neno la kweli lisilotosha. Burashi gani, na bomba la namna gani? Hapo ndipo taaluma ya istilahi inapokutana na usalama wa watu.

Jiko la Tembe na Dohani Yake

Jiko la tembe lilianza kuingia majumbani kaskazini-magharibi mwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya misukosuko ya mafuta ya 1973 na 1979 kuwalazimu watu kutafuta njia nyingine za kupasha nyumba joto. Jiko hili halichomi magogo wala makaa. Huchoma tembe, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vyenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8 hivi. Unga huo hushindiliwa kwa nguvu hata ukapata joto, na lignini iliyomo katika mbao ikalainika na kuwa gundi ya asili. Kwa kuwa unyevu wa tembe bora huwa chini ya asilimia 10, moto wake ni mkali na moshi wake ni mchache.

Ndani ya jiko mna sanduku la kuwekea tembe, parafujo kubwa inayozunguka na kuzisukuma kidogo kidogo, bakuli ambamo huwakia, na feni inayoutoa moshi nje. Feni hii ndiyo inayolitofautisha jiko la tembe na meko ya kawaida. Katika meko, moshi hupanda wenyewe kwa sababu ya joto lake. Katika jiko la tembe, moshi husukumwa. Ndiyo sababu bomba lake laweza kuwa jembamba. Aghalabu huwa na kipenyo cha inchi 3 au 4, yaani milimita 75 au 100 hivi, upana ambao ngumi ya mtu mzima huupita kwa taabu.

Nyumba nyingi za zamani tayari zina dohani pana ya matofali iliyojengewa meko, mithili ya zile zinazoonekana katika nyumba za kale za Limuru na Kericho. Moshi wa jiko la tembe ukiachiwa humo hupoa kabla ya kufika juu, mvuke wake ukageuka kuwa maji yenye asidi, na maji hayo yakala viungo vya matofali. Ili kuzuia hayo, mafundi hupitisha bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu ndani ya ile dohani pana, kutoka juu hadi jikoni. Bomba hilo linaitwa hapa bitana. Neno lenyewe ni la mafundi wa cherehani. Kama koti lilivyo na kitambaa cha ndani kinachopokea jasho ili kitambaa cha nje kidumu, ndivyo dohani ilivyo na bomba la ndani linalopokea moshi ili matofali yadumu.

Bitana huwa za namna mbili. Ipo iliyo ngumu, iliyonyooka na laini kwa ndani. Na ipo inayopindika, yenye mikunjo ya duara iliyofuatana kama ile sehemu ya kupindia ya mrija wa kunywea soda. Ukuta wa bitana hii ya pili ni mwembamba, chini ya milimita 1. Chuma chake hakishiki kutu kwa sababu kimechanganywa na kromiamu, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngozi ya bitana. Ukikwaruzwa, aghalabu hujirudisha wenyewe. Lakini chembe za chuma cha kawaida zikikwama katika ule mkwaruzo, chembe hizo hushika kutu, na mahali hapo pakawa chanzo cha tundu.

Uchafu Si Mmoja

Kosa la kwanza katika kuchagua zana ni kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya dohani ni “uchafu” tu. Lugha ya Kiswahili ina ukwasi wa kutosha kuepusha kosa hili. Mna vitu vitatu ndani ya dohani, na kila kimoja hudai zana yake.

Cha kwanza ni majivu. Katika jiko la tembe, majivu ndiyo mengi kuliko vyote. Kwa kuwa feni husukuma moshi kwa kasi, chembe nyepesi za majivu hupeperushwa hadi ndani ya bomba, kisha hutua pale mwendo wa moshi unapopungua au kupinda: kwenye kiwiko, kwenye kiungo chenye umbo la T, na juu ya mikunjo ya bitana inayopindika. Majivu haya hayajashikana na ukuta. Yanahitaji kupanguswa na kufyonzwa, wala hayahitaji kukwanguliwa.

Cha pili ni masizi, ule weusi unaofahamika na kila aliyewahi kusugua sufuria iliyotoka kwenye kuni. Masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha ili iungue yote. Hushika ukuta, ila hushika kwa wepesi, na burashi yenye nywele ngumu kiasi huyaondoa. Masizi yakiwa mengi katika jiko la tembe, hiyo ni dalili kwamba jiko linanyimwa hewa: huenda bakuli limeziba, feni imechoka, au mpira wa mlango umelegea. Anayesafisha masizi bila ya kutafuta chanzo chake atarudi kuyasafisha tena baada ya muda mfupi.

Cha tatu ndicho cha hatari zaidi, na ndicho kisicho na jina lililozoeleka. Wataalamu hukiita kreosoti. Aliyewahi kuingia katika jiko la kale lililoezekwa kwa nyasi na kuinua macho yake ameiona: ni ule utando mweusi unaong’aa juu ya mapao, uliotokana na miaka mingi ya moshi wa kuni, ambao wakati mwingine huning’inia kama matone yaliyoganda. Kwa hiyo jina la lami ya moshi linaufaa. Lami hii hutokea pale moshi wenye unyevu na gesi zisizoungua unapogusa ukuta wa baridi. Jiko la tembe linalofanya kazi vizuri huizalisha kwa uchache mno. Linalochoma tembe zilizoingiwa na maji, au lenye feni mbovu, laweza kuizalisha. Lami ya moshi inashika moto. Ikikauka na kuwa kama kioo, hakuna burashi inayoiweza, na kulazimisha burashi huishia katika kuitoboa bitana. Hapo fundi stadi ndiye anayehitajika, ama kwa dawa maalumu ya kuilainisha, ama kwa kuibadilisha bitana yenyewe.

Burashi

Baada ya ukuta na uchafu kujulikana, uteuzi wa burashi unakuwa mwepesi. Burashi za kusafishia dohani zinazouzwa madukani ni za namna mbili kuu: za waya wa chuma na za nyuzi za plastiki, kama vile nailoni au polipropilini. Burashi ya waya wa chuma cha kawaida ilikusudiwa dohani za matofali na zile zenye vigae vya udongo ndani yake, ambazo ukuta wake ni mgumu na mnene. Ikiingizwa katika bitana ya chuma kisichoshika kutu, hukwaruza, huacha zile chembe zilizotajwa, na katika bitana yenye mikunjo waya zake hukwama. Kwa bitana ya jiko la tembe, burashi inayofaa ni ya nyuzi za plastiki. Haikwaruzi chuma, hupinda inapokutana na mkunjo au kiwiko, na nguvu yake yatosha kwa majivu na masizi.

Jambo la pili ni umbo na ukubwa. Bitana ya duara hudai burashi ya duara. Kipenyo cha burashi hakina budi kulingana na kipenyo cha ndani cha bitana: bomba la inchi 4 kwa burashi ya inchi 4. Iliyo ndogo hupita katikati pasi na kugusa pande, na mwenye nyumba akadhani amesafisha. Iliyo kubwa mno hukwama, na kuichomoa kwa nguvu kwaweza kukung’oa kiungo cha bitana mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo ni vyema kupima bomba lenyewe badala ya kutegemea kumbukumbu, kwani tofauti ya inchi 3 na inchi 4 haionekani kwa urahisi kwa mtu aliye mbali.

Hapana budi kukumbuka kwamba plastiki huyeyuka. Jiko lazima liwe limezimwa na kupoa kabisa kabla ya burashi kuingia. Sharti hili huwalinda wasafishaji pia, si burashi peke yake.

Fito na Keekee

Burashi haifiki juu pasipo fito. Fito za kazi hii huwa vipande vinavyounganishwa kimoja baada ya kingine kadiri burashi inavyopanda. Fito ngumu, kama zile za nyuzi za kioo, zinafaa kwa dohani iliyonyooka tangu chini hadi juu. Bomba la jiko la tembe ni nadra kuwa hivyo. Aghalabu hutoka nyuma ya jiko, likapinda, ndipo likapanda. Kwa sababu hiyo fito zinazopindika, za nailoni au za plastiki nyingine laini, ndizo zinazofaa. Lakini nazo zikiwa laini kupita kiasi, burashi hugoma katikati ya safari kwa kukosa msukumo.

Kiungo cha fito nacho kinadai uangalifu. Fito nyingi hushikana kwa hesi, kama parafujo na nati yake. Hesi hizo hukaza zikizungushwa upande wa kulia na hulegea zikizungushwa upande wa kushoto. Msafishaji akisahau akazungusha kushoto, burashi huachana na ufito na kubaki ndani ya bomba. Zipo pia fito zinazoshikana kwa kitufe kinachojifunga, na hizo haziachani kwa namna hiyo. Aidha, ni lazima hesi za burashi na za fito ziwe za kipimo kimoja, kwani si zote zinazooana. Ndiyo maana kununua burashi na fito kutoka kwa mtengenezaji mmoja ni busara.

Kwa muda sasa imeenea zana nyingine, ambayo badala ya burashi ina kichwa chenye nyuzi kadhaa za nailoni zinazoning’inia kama mijeledi. Kichwa hicho hufungwa kwenye fito laini, na ufito wa mwisho ukafungwa kwenye keekee ya umeme, ambayo mafundi wengi huiita drili. Keekee ikizunguka, nyuzi hutawanyika na kupiga ukuta pande zote. Zana hii ina sifa mbili zinazoifanya ifae bitana ya jiko la tembe. Kwanza, nyuzi zake hujitanua kulingana na upana wa bomba na huingia katika mikunjo ambayo burashi huipita juu juu. Pili, huingizwa kutoka chini, na msafishaji hana haja ya kupanda juu ya paa lililofunikwa na theluji. Masharti yake ni machache ila ni mazito: keekee izunguke kulia tu, mwendo usizidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, na kichwa kiwe tayari ndani ya bomba kabla ya kuanza kukizungusha. Vichwa vya minyororo, ambavyo navyo huzungushwa kwa keekee, viliundwa kwa lami ngumu katika dohani za matofali. Katika bitana nyembamba huirarua.

Iwe ni burashi au mijeledi, isielekezwe kwenye jiko lenyewe. Mwisho wa bomba upande wa jiko kuna feni, na burashi inayosukumwa bila kuona yaweza kuvunja mapanga yake. Bomba litenganishwe na jiko kwanza, au kazi ianzie kwenye kifuniko cha kiungo cha T, ambacho kiliwekwa pale kwa ajili hiyo hasa.

Kifyonza Vumbi na Kinga

Majivu yaliyopanguswa lazima yaondoke. Wengi hukimbilia kifyonza vumbi cha kufyonzea zulia. Uteuzi huo una makosa mawili. Kwanza, majivu ya tembe ni laini mno. Huupita mfuko wa kawaida na kutoka upande wa pili, yakasambaa katika hewa ambayo wenye nyumba wanavuta. Pili, kaa la moto lililofukiwa na majivu laweza kubaki hai kwa siku kadhaa. Likifyonzwa na kuingia katika mfuko wa karatasi, hewa inayopita hulichochea kama mivuo ya mhunzi. Chombo kinachofaa ni kifyonza cha majivu, chenye tangi la chuma na kichujio kisichoungua. Kikiwa na kichujio cha daraja la HEPA, ambacho hukamata asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3, basi vumbi haliwarudii walio ndani. Majivu yenyewe yawekwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba, mbali na ukuta wa mbao.

Barakoa, glavu na miwani ya kinga ni sehemu ya zana pia. Vivyo hivyo king’ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na bomba lililoziba huirudisha chumbani. Nchini Marekani, kanuni ya NFPA 211 inaelekeza kwamba kila dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa jiko la tembe, mwongozo wa mtengenezaji aghalabu hudai usafishaji wa mara nyingi zaidi, kulingana na wingi wa tembe zinazochomwa.

Pale Zana Ilipokuwa Mtoto

Anayeona kwamba mjadala huu wa burashi ni mdogo na aitazame historia ya Uingereza. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, dohani nyingi zilijengwa zikiwa nyembamba na zenye kona. Zana iliyochaguliwa kuzisafisha ilikuwa mtoto. Wavulana wadogo, wengi wao mayatima au watoto wa maskini, waliingizwa humo wapande kwa viwiko na magoti huku wakikwangua masizi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza saratani iliyowapata wafagiaji wa dohani kutokana na masizi, na maelezo hayo hukumbukwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kuhusisha saratani na kazi ya mtu. Fasihi haikunyamaza: William Blake aliandika juu ya watoto hao katika mashairi yaliyochapishwa mwaka 1789 na 1794, na Charles Kingsley akamfanya mmoja wao mhusika mkuu wa riwaya yake ya The Water-Babies ya mwaka 1863.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba zana mbadala ilikuwapo. Mwaka 1803 George Smart alibuni mashine ya burashi iliyosukumwa juu kwa mirija iliyounganishwa kwa kamba. Burashi na fito za leo ni wajukuu wa mashine hiyo. Wenye dohani na wafagiaji wengi waliikataa kwa hoja kwamba haiwezi kupita kwenye kona. Sheria ya 1840 ilikataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 21 kupanda dohani, lakini ilivunjwa kila uchao. Ilibidi mvulana George Brewster afariki mwaka 1875, baada ya kukwama katika dohani ya hospitali huko Fulbourn karibu na Cambridge, ndipo sheria ya mwaka huo huo ikawalazimu wafagiaji kuwa na leseni chini ya usimamizi wa polisi. Zaidi ya miaka 70 ilipita tangu zana bora ipatikane hadi ilipolindwa na sheria yenye meno. Ufundi ulikuwapo; uchaguzi ndio uliokosekana.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa zana za kusafishia bitana ya dohani ya jiko la tembe hufuata maswali yenye mpangilio. Ukuta ni wa nini: matofali au chuma chembamba? Ni laini au una mikunjo? Upana wake ni inchi ngapi? Kilichomo ni majivu, ni masizi, au ni lami ya moshi? Njia imenyooka au ina viwiko? Kwa bitana ya chuma ya jiko la tembe, majibu huelekeza kwenye burashi ya plastiki yenye kipenyo sawa na cha bomba au kichwa cha mijeledi ya nailoni, fito zinazopindika, na kifyonza cha majivu chenye tangi la chuma. Lami iliyoganda iachiwe fundi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maswali hayo yana upande wa pili. Maneno masizi, majivu, bitana, fito, hesi na keekee yote yamo katika lugha tayari, mengine jikoni, mengine kwa mshonaji na mengine kwa seremala. Palipokosekana neno, kama kwa kreosoti, mapao ya jiko la kale yametoa mwanzo wa jina. Wakalimani na watafsiri wa miongozo ya vifaa vya nyumbani wanaweza kuyakusanya maneno ya namna hii kutoka kwa mafundi wenyewe kabla ya kubuni mapya. Wakifanya hivyo, mpangaji wa Lewiston ataelewa burashi ipi ya kununua na ipi ya kuiacha dukani.